Kitanda Kisicho na Muuguzi ni Samani Tu

Mwekezaji mkubwa akitangazwa mjini, wakazi hugawanyika papo hapo. Kuna wanaotaka ajira na hawataki kusikia la mtu. Kuna wanaouliza wageni watakaofuata ajira hizo watatibiwa wapi, ilhali hospitali iliyopo imeshafurika. Viongozi huwajibu wote kwa namba mbili: ajira 2,000 na vitanda vipya 120. Makofi yanapigwa, kikao kinafungwa.

Namba zote mbili ni dhaifu, na kwa sababu moja: zinahesabu vitu, hazihesabu saa za watu. Wengi hudhani ajira na hospitali zinagombea fedha. Kabla ya fedha zinagombea watu wale wale: fundi umeme, mtaalamu wa maabara, dereva, muuguzi, mtunza stoo. Mji usiopiga hesabu hiyo mapema unaweza kupata kiwanda na kupoteza hospitali huku jengo la hospitali likiwa limesimama na rangi yake mpya.

Tuanze na kitanda, maana ndicho kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Nafasi moja ya uuguzi inayotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana ina saa 8,760 kwa mwaka. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki ana saa 2,080 kwenye karatasi. Ondoa likizo ya siku 20 za kazi, sikukuu 12, siku 7 za kuugua au kufiwa na siku 4 za mafunzo, kila moja kwa saa 8. Zinabaki saa 1,736. Ukigawanya 8,760 kwa 1,736 unapata 5 na kidogo. Maana yake, kila nafasi moja ya saa 24 inahitaji watu 5 kwenye orodha ya mishahara. Mkazi akiiweka hiyo 5 kichwani, atakuwa na kipimo cha ahadi nyingi. Gari la wagonjwa lenye dereva mmoja na mhudumu mmoja, linalosemwa kuwa tayari saa zote, linahitaji watu 10. Mkiambiwa limepewa watu 3, mjue kuna saa nyingi za usiku ambazo litakuwa limeegeshwa tu.

Sasa chukua wodi moja ya vitanda 30. Tuseme asubuhi na mchana muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa 6, na usiku wagonjwa 10. Hiyo ni wauguzi 5 asubuhi, 5 mchana na 3 usiku: zamu 13 za saa 8, sawa na saa 104 kwa siku, au 37,960 kwa mwaka. Gawanya kwa 1,736: karibu wauguzi 22. Ongeza nusu saa ya kukabidhiana kwa kila mtu wa kila zamu, nusu saa ambayo wapanga bajeti huifuta na wauguzi huitoa bure, unapata 23 na kidogo. Vitanda 120 ni wodi 4 za namna hiyo, yaani wauguzi 93, bila kumhesabu mkuu wa wodi, wakunga, wala watu wa chumba cha upasuaji. Uwiano wa 1 kwa 6 wenyewe si wa kifahari. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004, na tangu 2005 wodi za kawaida za wagonjwa wazima zinatakiwa zisizidi wagonjwa 5 kwa muuguzi mmoja, na wodi za wagonjwa mahututi (ICU) wagonjwa 2.

Jengo jipya la vitanda 120 likipewa wauguzi 40, jambo ambalo si geni popote, hesabu inageuka hivi: kwa siku kuna saa kama 190 za uuguzi, yaani zamu 24 hivi, watu 8 kwa kila kipindi katika wodi 4. Watu 2 kwa vitanda 30. Kinachoharibika hapo hakionekani kwa mgeni rasmi anayetembezwa wodini. Kinaanza na kupima kasi ya kupumua, kipimo cha kwanza kurukwa muuguzi akizidiwa, ilhali ndicho ambacho mara nyingi hubadilika kabla ya vingine mgonjwa anapoanza kudhoofika. Kinafuata kumgeuza mgonjwa asiyejiweza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya mgandamizo. Kisha dawa za saa 12 jioni zinatolewa saa 3 usiku. Mgonjwa wa siku 5 anakaa 8. Wodi inajaa, na watu wa nje wanahitimisha kwamba vitanda ni vichache. Wanaomba vingine.

Hapo ndipo inafaa kuikumbuka kanuni ambayo mtafiti wa Marekani, John Little, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Ni kanuni nyepesi kiasi cha kudharauliwa. Wagonjwa 20 wanaolazwa kila siku, kila mmoja akikaa siku 5 kwa wastani, ni wagonjwa 100 ndani wakati wowote. Ukishusha wastani hadi siku 4 na nusu, wanabaki 90. Nusu siku hiyo ni vitanda 10 vilivyopatikana bila tofali. Ukipandisha wastani hadi siku 6, unahitaji vitanda 20 zaidi, na hakuna aliyeugua zaidi ya jana.

Lakini vitanda 100 kwa wastani wa wagonjwa 100 ni mapishi ya vurugu, kwa sababu wagonjwa hawaji kwa wastani. Wakija kwa kubahatisha, kila mmoja bila kupangiwa na mwenzake, wastani wa 20 kwa siku utaleta siku moja kati ya 20 yenye wagonjwa 28 au zaidi. Mhandisi wa simu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alishaieleza hesabu ya namna hii mwaka 1909 kwa ajili ya laini za simu, na wodi haina tofauti kubwa na ubao wa simu: kila kitu kinaonekana shwari hadi karibu na kujaa, kisha foleni inapanda ghafla. Watafiti wa Uingereza mwaka 1999 walitumia modeli ya kompyuta ya hospitali na kuona kwamba hatari ya mgonjwa wa dharura kukosa kitanda huanza kuonekana pale vitanda vinapojaa kwa wastani wa zaidi ya asilimia 85, na vikifika asilimia 90 au zaidi, uhaba wa vitanda unakuwa wa mara kwa mara. Kwa hiyo wale wagonjwa 100 wanahitaji vitanda 118 hivi. Kiongozi anayejisifu kwamba hospitali yake inatumia vitanda kwa asilimia 98 anatangaza kwamba dharura ya usiku huu haina pa kulala.

Kuna jambo jingine ambalo wasimamizi wa hospitali wanalijua na wakazi hawaambiwi. Vitanda vilivyokatwakatwa katika vitengo vidogo vyenye kuta na mabosi tofauti vina uwezo mdogo kuliko vitanda vile vile vikiwa pamoja. Wastani wa wagonjwa 100 katika kapu moja unahitaji akiba ya kama 20 ili kuhimili siku nyingi mbaya: jumla 120. Wagawe katika vitengo 5 visivyoazimana, kila kimoja na wastani wa 20, na kila kimoja kitahitaji akiba ya kama 9: jumla 145. Vitanda 25 vimeliwa na kuta. Zipo sababu halali za kutenganisha, kama magonjwa ya kuambukiza, watoto, wazazi, wanaume na wanawake. Kutenganisha kwa sababu bingwa fulani anataka wodi yenye jina la idara yake si mojawapo.

Na hiyo asilimia yenyewe inapimwaje? Kwa kawaida kwa kuhesabu vichwa saa 6 usiku. Ni saa nzuri kwa karani na mbaya kwa ukweli, kwani presha ya kitanda ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, wakati wa kutoka hawajatoka na wa kuingia wameshafika. Hospitali inaweza kuripoti asilimia 88 kila usiku huku kila mchana kuna watu 12 kwenye machela za kitengo cha dharura. Ukitaka kujua hali halisi, omba hesabu ya saa 5 asubuhi, na omba idadi ya waliosubiri kitanda zaidi ya saa 4 baada ya daktari kuamua walazwe. Ni namba mbili tu, na zinapatikana kwenye daftari la wodi na la dharura bila mfumo wowote wa kompyuta.

Kitanda hicho cha mchana hukwama wapi? Daktari huanza raundi na walio mahututi, kama inavyotakiwa, na anayeweza kurudi nyumbani anafikiwa saa 6 mchana. Daktari mdogo anaandika muhtasari saa 7. Karatasi ya dawa inakwenda famasi na kukutana na foleni ya wagonjwa wa nje. Ofisi ya malipo au bima ina mtu mmoja, naye amekwenda kula. Ndugu wanapigiwa simu saa 8, wanafika saa 11. Msafishaji mmoja anahudumia wodi 2. Kitanda kinakuwa wazi kweli saa 12 jioni, wakati mwenye kukihitaji amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kwa hospitali inayoruhusu wagonjwa 20 kwa siku, kuokoa saa 6 kwa kila mmoja ni saa 120 za kitanda, yaani vitanda 5 kila siku.

Dawa yake inajulikana. Tarehe inayotarajiwa ya kuruhusiwa iandikwe siku ya kwanza, hata kwa kukadiria, na ndugu waijue. Dawa za kwenda nazo nyumbani ziandikwe jioni ya kuamkia siku hiyo. Raundi ianze na mahututi, ifuate wanaoondoka, ndipo wengine. Na awepo mtu mmoja kila wodi ambaye kazi yake ni kusukuma hayo, si muuguzi ambaye pia ana wagonjwa 15. Hapa napenda kusisitiza kwamba huyu mtu mmoja ni ajira, tena ya cheti cha sekondari na mafunzo ya wiki chache, na inazaa vitanda vingi kwa kila mshahara kuliko ajira yoyote ya ujenzi. Haizinduliwi na mtu, basi haiombwi.

Kuna pia mgonjwa aliyepona lakini hana pa kwenda: mzee asiye na wa kumtunza, aliyevunjika nyonga anayehitaji mazoezi ya viungo, mwenye kidonda kinachohitaji kufungwa kila siku mbili. Huyu hakushikiliwa na hospitali, ameshikiliwa na ukosefu wa huduma nyingine: afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa kutembelea nyumba, zahanati yenye bandeji. Ukipunguza bajeti hizo kwa sababu "hospitali ndiyo muhimu", umeipunguza hospitali.

Vitu navyo vina sauti yake, na hapa wajumbe wa kamati nyingi hudanganyika kirahisi. Mtungi mkubwa wa oksijeni wa lita kama 6,800, mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa saa 11 na dakika 20. Wagonjwa 6 wa aina hiyo wanamaliza mitungi karibu 13 kwa siku. Wodi yenye "oksijeni kwenye kila kitanda" na mitungi 7 ina oksijeni ya nusu siku. Chumba cha pili cha upasuaji hakiongezi upasuaji hata mmoja ikiwa seti za vyombo ni 3: vyombo vinaoshwa, vinakaushwa, vinafungwa, vinakaa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3 au 121 kwa dakika 15, halafu vinakaushwa tena na kupoa. Mzunguko mzima unakula saa 3 hadi 4. Upasuaji mara tatu, kisha timu nzima inakaa ikisubiri mvuke. Seti mbili za ziada na mtu wa pili wa kuosha ni nafuu mno kuliko chumba kipya, na ndizo zinazopandisha idadi ya waliohudumiwa. Na maji: Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, lita 5 kwa mgonjwa wa nje, lita 100 kwa kila upasuaji. Vitanda 120 vikijaa ni hadi lita 7,200 kabla ya upasuaji na kliniki. Kiwanda kikiunganishwa kwenye bomba lile lile, hospitali itaisikia kwenye bomba la kunawia kabla ya kuisikia kwenye takwimu za ajira.

Tuje kwenye ajira zenyewe. Mkandarasi mwenye vibarua 400 kwa mikataba ya miezi 3, katika ujenzi wa miezi 15, anaweza kuandika ajira 2,000 bila kusema uongo wa wazi: 400 mara 5. Hapajawahi kuwa na siku yenye watu zaidi ya 400, na wengi wao ni wale wale waliosaini mara tano. Kipimo cha haki ni mwaka wa kazi wa mtu mmoja, na kwa kipimo hicho hizo ajira ni 500. Kisha ujenzi unakwisha. Uliza zinabaki nafasi ngapi za kudumu, za daraja gani, na ni ngapi kati yake zinaweza kushikwa na mkazi aliyepo leo kwa elimu aliyonayo leo.

Watetezi wa mradi watasema kila ajira ya kiwanda inazaa nyingine, na si uongo. Mchumi Enrico Moretti, mwaka 2010, alipima miji ya Marekani na kukuta kila nafasi mpya ya kiwandani inaambatana na kama nafasi 1.6 katika huduma za mji ule ule. Ila tazama namba hiyo inatembeaje: mshahara lazima utumike mjini. Kiwanda kinacholeta chakula chake, mabasi yake na mabweni yake ndani ya uzio kinaikata hiyo namba, na hakuna sababu ya kuinukuu kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Wale wanaoogopa kwamba wageni watajaza wodi nao hesabu yao ina kasoro. Chukua ajira 600 za kudumu, nusu zikishikwa na watu kutoka nje, kila mmoja na kaya ya watu 4: wakazi wapya 1,200. Tukikadiria watu 80 kati ya 1,000 hulazwa kwa mwaka kwa wastani wa siku 5, hiyo ni siku 480 za kitanda. Haifiki vitanda 2 hata ukiweka akiba ya asilimia 15. Mzigo hauingii wodini, unaingilia mlango wa mbele. Ziara 3 za mgonjwa wa nje kwa mtu kwa mwaka ni 3,600, yaani 14 au 15 kila siku ya kazi. Kwa robo saa kila moja, ni karibu nusu ya siku ya tabibu mmoja. Kwa kuwa wanaohama kufuata kazi ni vijana, tuseme vizazi 30 kwa kila watu 1,000: wajawazito 36, kila mmoja akiwa na mahudhurio 8 kama WHO inavyopendekeza tangu 2016, ni mahudhurio 288, na baada yake chanjo za watoto. Kinachotakiwa ni tabibu, mkunga na chumba kwenye zahanati iliyo karibu na makazi mapya. Jengo la vitanda 120 halijibu swali hilo.

Kipindi cha ujenzi ndicho chenye hatari ya aina nyingine: kuanguka kutoka juu, mikono iliyobanwa, vumbi la saruji machoni, ajali za malori. Hizo zinahitaji eksirei inayofanya kazi usiku, mtaalamu wa dawa za usingizi na damu. Damu haiwekwi akiba ya mwaka: chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 kwenye friji, chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, siku 5 hadi 7 tu, nje ya friji. Na haya yote yanatokea kabla upanuzi wowote wa hospitali haujakamilika.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya suala la watu. Kiwanda kikifungua milango, kinatangaza nafasi za fundi umeme, fundi wa mitambo ya baridi, fundi wa vifaa vya upimaji, mtaalamu wa maabara ya ubora, dereva mwenye leseni ya magari makubwa, muuguzi wa kliniki ya kiwanda. Kwa mji wa kawaida, watu wenye ujuzi huo na uzoefu wa miaka 5 wako sehemu chache, na hospitali ni mojawapo. Mishahara ya hospitali ya umma imepangwa mbali na hapo, kwa ngazi ambazo mganga mfawidhi hawezi kuzigusa. Kiwanda kinahitaji tu kuongeza asilimia 30. Mchumi William Baumol aliueleza mkwamo huu katika miaka ya 1960: kiwanda kinaongeza uzalishaji kwa kila mfanyakazi na hivyo kinamudu kumlipa zaidi, wakati muuguzi bado anamgeuza mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, kama alivyofanya aliyemtangulia, na bado lazima mshahara wake upande la sivyo ataondoka.

Anayeondoka kwanza ni yule ambaye mwingine hawezi kushika nafasi yake. Mtazame fundi wa vifaa tiba anayetunza mtambo wa oksijeni. Mtambo huo unasukuma hewa kupitia zeolaiti, punje za madini zinazonasa naitrojeni. Vichujio vya mafuta na unyevu visipobadilishwa kwa wakati, hewa chafu inaiharibu zeolaiti polepole. Mashine inaendelea kunguruma, kipimo cha shinikizo kinasoma sawa, na usafi wa oksijeni unashuka kutoka kwenye asilimia 93 inayotakiwa bila mtu kujua, hadi wagonjwa waanze kuhitaji lita nyingi kuliko kawaida. Fundi alikuwa akipima usafi huo kwa kifaa cha mkononi kila asubuhi. Kifaa kipo kabatini, na aliyejua kukitumia sasa yuko kiwandani, na simlaumu hata chembe. Takwimu za ajira zitaonyesha nafasi moja imeongezeka. Hakuna safu inayoonyesha kilichopungua.

Kuna upande wa neema pia, ambao wapinzani wa miradi hawautaji. Sababu mojawapo kubwa ya madaktari na wauguzi kukataa au kukimbia vituo vya pembezoni ni kwamba mwenza hana kazi ya kufanya huko na watoto hawana shule nzuri. Miongozo ya WHO ya 2010, iliyorejewa 2021, kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini inataja makazi, shule na ajira ya mwenza pamoja na mishahara, na inashauri kuwachukua wanafunzi waliotoka maeneo hayo hayo. Kiwanda kinaweza kuwa ajira ya mume wa mkunga. Mara nyingi hilo lina nguvu kuliko posho ya mazingira magumu, ila halijitokezi lenyewe: lazima hospitali na mwajiri wawe na orodha moja ya watu wanaohamishiwa mjini na wenza wao, na mtu wa kuipitia kila robo mwaka.

Muda ndio unaokatisha tamaa. Jengo linachukua miaka 2. Muuguzi wa stashahada anasoma miaka 3. Daktari miaka 5 au 6, kisha mwaka wa mafunzo kazini, na bingwa miaka mingine 3 au 4 juu ya hapo. Kwa hiyo anayetaka wodi iwe na watu siku ya uzinduzi alipaswa kuandikisha wanafunzi kabla ya kuchimba msingi. Na wodi ikishajengwa itajazwa tu, hilo lilionekana tangu Milton Roemer alipochunguza hospitali za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: kitanda kikiwepo, hupata mtu wa kulala. Kujaa kwake si ushahidi kwamba kilihitajika, na gharama ya kukiendesha, ambayo sehemu kubwa ni mishahara, haina mwisho kama ya ujenzi ilivyo na mwisho.

Makubaliano na mwajiri mkubwa, basi, yapimwe kwa vifungu vya aina nyingine. Atoe kila robo mwaka idadi ya wafanyakazi kwa daraja, kwa mkataba na kwa mahali walikotoka. Alipie nafasi za masomo ya uuguzi, maabara na ufundi wa vifaa tiba kuanzia mwaka wa kwanza wa ujenzi, si baada ya kuanza uzalishaji. Awe na chanzo chake cha maji au tangi la kuhimili siku 3 ili asivute bomba la hospitali. Kliniki yake ihudumie na familia za wafanyakazi, na iripoti majeruhi wote inaowapeleka hospitali, kwa sababu kliniki ya kiwanda inayotibu mafua na kukabidhi mivunjiko ni njia ya kuhamishia gharama kwa wengine.

Kifungu kigumu kuliko vyote ni cha kuchukua watumishi. Kumzuia fundi asihame ni kumnyima haki yake, na haitekelezeki. Mzigo uwekwe kwa anayemchukua. Hapo kiasi ndicho kinachoamua. Fidia ikiwa sawa na mishahara ya miezi 2, kiwanda kitailipa siku ya Ijumaa na kumpokea fundi Jumatatu. Ikiwa sawa na gharama ya kumsomesha mrithi wake kwa miaka 3, pamoja na malipo ya kaimu atakayeshika nafasi kipindi chote hicho, idara ya fedha ya kiwanda yenyewe itaona kwamba kusomesha fundi wake ni nafuu zaidi.